Tuilinganishe darubini kabla ya kubishania mwezi

KILA sifa njema ni Yake Mwenyezi Mungu (SW), Muumba wa mbingu na ardhi, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, leo tunapenda kuzungumza na wazazi pamoja na walimu wa madrasa juu ya chombo ambacho tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 kimekuwa kikiingia majumbani mwa watu wa kawaida, nacho ni darubini inayoongozwa na kompyuta. Wapo walioletewa na jamaa zao walioko ughaibuni, na wapo walioinunua kwa kuchangishana. Mwenye nayo huchagua jina la nyota au sayari kwenye rimoti, na mota zikaigeuza darubini mpaka kwenye kitu hicho, kisha zikakifuata kadiri dunia inavyozunguka.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Furaha ya chombo hiki mara nyingi huishia katika moja ya mambo mawili. Ama usiku wa kwanza darubini hutazama patupu, watoto wakaenda kulala na huzuni, nayo ikarudi katika boksi lake juu ya kabati. Ama husubiri mpaka jioni ya mwezi 29 Shaaban, ikabebwa mbio hadi ufukweni, na kauli ya mtambo ambao haukuwahi kuandaliwa sawasawa ikawa hoja ya kuwagombanisha waumini wa msikiti mmoja.

Mambo yote mawili yana chanzo kimoja. Kompyuta ya darubini ya kawaida haiioni mbingu. Kazi yake ni kufanya hesabu kwa habari tulizoipa sisi wenyewe, na ikipewa habari isiyo kweli, itatoa jibu lisilo kweli bila kusita hata kidogo. Zipo aina za karibuni zinazopokea saa na mahali kutoka kwenye setilaiti, na nyingine zina kamera ya kuzitambua nyota, lakini nyingi humtegemea mwenyewe. Kwa hiyo maandalizi yake ni amana, nasi tunaona ni vyema yaelezwe.

Kwanza, darubini isimame imara. Miguu yake mitatu iwekwe juu ya ardhi ngumu, si juu ya mchanga unaotitia, na pimamaji ya fundi mwashi itumike kuhakikisha kwamba haikuinama upande. Ile darubini ndogo ya kulengea ilinganishwe na kubwa wakati wa mchana, kwa kutazama kitu cha mbali kisichosogea, kama ncha ya mnara au kilele cha mnazi, katika upande usio na jua. Betri nazo ziangaliwe, kwani mota hula umeme mwingi, na mtambo wenye betri dhaifu huanza kukosea kabla haujazimika.

Pili, mtambo uambiwe kweli kuhusu mahali ulipo. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 6 na dakika 48 kusini ya Ikweta, na nyuzi 39 na dakika 17 mashariki. Mombasa iko karibu nyuzi 4 na dakika 3 kusini, na nyuzi 39 na dakika 40 mashariki. Anayeandika tarakimu hizo kwa usahihi, lakini akaacha maneno ya kaskazini na magharibi aliyoyakuta kwenye rimoti, ameihamisha Dar es Salaam na kuiweka katikati ya Bahari ya Atlantiki. Anga atakayoonyeshwa na kompyuta ni ya huko, si ya kwetu.

Tatu ni tarehe na saa, na hapa ndipo Waswahili wengi tunaweza kuteleza. Mitambo mingi hufuata desturi ya Kimarekani ya kutanguliza mwezi, hivyo tarehe 5 Machi ikiandikwa kwa mazoea yetu husomwa 3 Mei. Saa nayo si ile ya mdomoni. Saa mbili usiku kwetu sisi ni saa 20 kwa hesabu ya mtambo, na anayeandika 2 amekosea kwa saa sita, mbele au nyuma. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa kila saa moja, kwa hiyo saa sita ni nyuzi 90, yaani robo nzima ya duara. Hata kosa la saa moja tu si dogo, kwani nyuzi 15 ni sawa na upana wa mwezi mpevu mara 30. Isisahauliwe kwamba Afrika Mashariki iko saa tatu mbele ya Greenwich, na kwamba sisi hatuna utaratibu wa kusogeza saa wakati wa kiangazi.

Nne, mtambo utaomba kuonyeshwa nyota mbili au tatu. Mwenyewe huzileta moja moja katikati kabisa ya kioo cha kutazamia, kisha akathibitisha. Zichaguliwe nyota zenye kupishana mbali, wala isiwe ile iliyo utosini. Vitabu vya maelezo aghalabu huagiza kuitafuta nyota ya kaskazini, lakini msomaji wa Dar es Salaam au Zanzibar asijisumbue, kwani kwake nyota hiyo iko chini ya upeo na haionekani kamwe.

Hapa kuna jambo la kuwafurahisha watoto wetu. Majina mengi yanayojitokeza kwenye rimoti hiyo ya kigeni yana asili ya Kiarabu. Aldebaran ni al-Dabaran, yaani mwenye kufuata, kwa sababu hukifuata Kilimia kutoka mashariki hadi magharibi. Fomalhaut ni mdomo wa samaki. Achernar ni mwisho wa mto. Ile inayoitwa Canopus ndiyo Suheli ya mabaharia wetu, ambayo jina lake limekuwa pia jina la upande wa kusini. Mwezi wa Desemba, saa mbili usiku, Aldebaran huwa mashariki na Fomalhaut huwa kusini-magharibi, na hizo mbili zinafaa sana kwa kazi hii. Usiku huo huo, upande wa kaskazini, mtambo unaweza kuagizwa kuielekea Andromeda. Abd al-Rahman al-Sufi aliieleza kama wingu dogo katika kitabu chake cha nyota cha mwaka 964, bila ya darubini yoyote. Leo inajulikana kuwa ni mkusanyiko mkubwa wa nyota, ulio umbali wa miaka ya mwanga karibu milioni 2.5. Mtoto aliyejua hayo hataona kwamba elimu ya falaki ni ya wengine.

Lakini tunawaonya wazazi kwa nguvu zote kuhusu jua. Kulitazama kwa darubini, hata kwa nukta moja, kunaweza kumpofusha mtu papo hapo, na jicho likiungua ndani halitoi maumivu ya kumtahadharisha. Hatari hii ni kubwa zaidi kwa watafutao hilali, kwa kuwa mwezi mwandamo huwa karibu na jua. Basi mtu asiweke jicho mpaka jua limezama lote. Mchana darubini ifunikwe kifuniko chake, na asiachwe mtoto aigeuze kwa rimoti peke yake, kwani mota hazijui kulikwepa jua. Vichujio vidogo vya kufungwa kwenye kioo cha jicho visiaminiwe, maana joto huweza kuvipasua. Kichujio cha jua ni kile kinachofunika mdomo wote wa mbele wa darubini.

Sasa turudi kwenye hilali. Jua linapozama nyota bado hazijatoka, kwa hiyo anayefika ufukweni dakika kumi kabla ya Magharibi hana nyota ya kuulinganishia mtambo wake. Hata aliyejiandaa vyema aelewe kwamba mtambo ukiagizwa mwezi utaelekea mahali mwezi ulipo kwa hesabu, uonekane usionekane. Darubini kuelekea upande wa mwezi si ushahidi wa kuonekana mwezi. Aidha, mwezi uliotangulia kuzama kabla ya jua hautarudishwa juu ya upeo na kioo chochote.

Kinyume chake pia ni kweli. Tarehe 8 Julai 2013, Mfaransa Thierry Legault aliupiga picha mwezi mchanga mchana, wakati ule ule jua na mwezi vilipokuwa katika mkutano wao wa kifalaki, kwa kamera ya mwanga usioonekana na jicho la mwanadamu. Chombo kinaweza kuonyesha ambacho hakuna mja angekiona kwa macho yake. Je, kuonekana kwa namna hiyo kunatosha? Je, mwandamo wa nchi nyingine unatuhusu? Hayo ni masuala ya fiqhi, na wanazuoni wana kauli zao kuyahusu. Hayaamuliwi na rimoti, wala na mwenye darubini kubwa kuliko ya jirani yake.

Kwa hiyo ni rai yetu kwamba kila familia au madrasa yenye chombo hiki ianze kukizoea miezi mingi kabla ya Ramadhani. Watoto wa kike na wa kiume wapewe zamu ya kusoma saa, kuandika tarehe na kuzitambua nyota kwa macho yao kabla ya kuitafutia kompyuta kazi. Waanze na mwezi wa siku saba, kisha pete za Zohali na miezi minne ya Mshitarii. Na ikifika jioni ya kuangalia hilali, aliyeona aeleze bila kuficha: ameona kwa jicho au kwa darubini, wapi, saa ngapi, na nani alikuwa pamoja naye. Habari hiyo ifikishwe kwa wenye dhamana ya kutangaza, isipelekwe barazani kuwa silaha.

Katika Suratul An'am, aya ya 97, Mwenyezi Mungu ametukumbusha kuwa nyota ni uongozi wetu gizani, nchi kavu na baharini. Itakuwa ni hasara iliyoje kama chombo cha kuzitazama nyota hizo ndicho kitakachotupoteza, eti kwa sababu tulikiambia uongo kuhusu saa, au tulitaka kitushindie ugomvi.

Wabillahi tawfiq.