Picha na Tuzo

Ndugu msomaji, ikitajwa picha ya mandhari iliyoshinda tuzo, huenda ukawaza jua likizama nyuma ya jahazi. Mimi huwaza Capital Art Studio, aliyoifungua Ranchhod Oza mjini Unguja mwaka 1930, na picha zake nyeusi na nyeupe za mitaa ya Mji Mkongwe. Mwaka 2000 UNESCO iliutunuku mji huo hadhi ya urithi wa dunia. Heshima kubwa, lakini haishikilii ukuta: tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka, na watu wawili wakafariki. Fundi wa kulirejesha ataulizia picha za zamani, hata zisizowahi kutunzwa. Zako, ndugu yangu, zimo kabatini zikiliwa na unyevu?