Majini ya Sinema na Wagonjwa wa Mirembe

Mtazamaji wa sinema za majini hana shaka hata chembe, maana tangu Mussa Banzi alipotutolea Shumileta katika miaka ya 2000, hata Wamalaysia walipotuonyesha, katika Munafik ya mwaka 2016, ustadhi akipambana na kilichompagaa binti wa watu, jini huonekana wazi kabla msomaji hajafungua kinywa kusoma Ayatul Kursiy. Na katika sinema za namna hii yeyote atajaye daktari aghalabu huwa mpumbavu, kama si wa kwanza kufa.

Kasoro naiona hapo, wala siioni katika kutajwa kwa majini, ambao Mwislamu anaamini kuwa ni viumbe wa Mungu kama yeye.

Majumbani mambo ni mengine. Hapa Dodoma, penye hospitali ya maradhi ya akili ya Mirembe tangu mwaka 1927, aila iliyofikwa na msiba wa kijana aangukaye akatoka povu, au azungumzaye na wasioonekana, ikiwa ya Warangi wa Kondoa au ya Wagogo wa Chamwino, huanza kwa kutojua: humwita shekhe amsomee, mgonjwa akaandikiwa kombe kwa zafarani na kulinywa, kisha kukicha akapakiwa basi kupelekwa Mirembe, na wako waanzao hospitali wakaishia kwa shekhe, na wengine wakapanda hadi Kolo, kwenye majabali yenye michoro ya kale, ambako matambiko hayajakoma. Shaka hiyo, na mabishano ya mama na mjomba usiku kucha, huku mgonjwa akisikia yote, ndiyo hofu yenyewe, nami sijaona mwongozaji wetu aliyethubutu kuipiga picha.

Na yakini ina gharama zake. Mwaka 1995, uvumi wa pepo aitwaye Popobawa ulipoenea Unguja na Pemba, umati ulimwua mtu mwenye maradhi ya akili kwa kumdhania kuwa ndiye Popobawa mwenyewe. Hao hawakuhitaji sinema, sembuse umati uliokwisha kufundishwa na sinema jinsi jini anavyotazama na anavyonguruma.

Wako watakao Bodi ya Filamu iitumie sheria ya mwaka 1976 kuzipiga marufuku sinema hizi. Siafikiani nao, kwani katika zama hizi za simu marufuku haizuii kitu, na fauka ya hayo, atakayeanza na sinema itampasa aeleze kwa nini ibada za kutoa mapepo katika televisheni zimesalimika. Bodi na ikaze katika umri wa watazamaji, basi. Lililobaki ni la watengenezaji: wakakae na wauguzi wa akili, wakakae na mashekhe wajuzi, ambao baada ya kumsomea mgonjwa hawaoni haya kuwaambia jamaa zake, "Huyu mpelekeni hospitali," kisha wamtie shekhe wa namna hiyo katika sinema, awe ndiye shujaa.