SIFA HAZINUNUI UNGA



Mimi ni mtu wa reli, si mtu wa kaunti. Kazi yangu ni ya njia: kukaza boliti, kubadili mataruma yaliyochakaa, na kutazama kama reli imepinda. Masomo yangu yaliishia shule ya msingi ya misheni. Lakini niliyoyaona kwa macho yangu mwaka 2020 yananipa haki ya kusema neno juu ya wafanyakazi wa kaunti, na naomba mnisikilize.

Kwanza naungama. Kwa miaka mingi nilikuwa mmoja wa wale wanaowatukana watu hawa. Tukisikia neno kanjo, hatumfikirii mfagiaji wala nesi. Twamfikiria yule askari anayemwaga nyanya za mama barabarani. Kwa sababu ya askari huyo tuliwachukia wote, hata wale ambao hawajapata kumgusa mtu.

Tarehe 13 Machi 2020 serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona katika Kenya. Siku chache baadaye shule zikafungwa. Tarehe 27 Machi ikaanza amri ya kutotoka nje, tangu saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Mwezi wa Aprili treni ya abiria ya Mombasa na Nairobi ikasimama, ikarudi Julai. Lakini treni za mizigo ziliendelea, maana watu lazima wale. Kwa hiyo sisi wa njia tulipewa barua za kupita, tukawa tunatoka wakati wengine wamejifungia.

Katika mji ninaokaa, njia yangu ya kwenda kazini hupita sokoni. Kila alfajiri niliwakuta akina mama watano, wana mifagio na mkokoteni, wanazoa taka za jana. Siku moja nikamsalimu mmoja wao, mtu wa rika la mama yangu mzazi. Nikaona ana glavu mkono mmoja tu.

"Mama, glavu ya pili iko wapi?"

Akanijibu, "Mwanangu, tulipewa jozi moja mwezi wa tatu. Moja ilipasuka. Mkono huu naufunga kitambaa."

Nikamwuliza kama ameandikwa kazi. Akasema, "Mimi ni kibarua. Huu ni mwaka wa sita."

Nikamwuliza tena, kwa nini basi asikae nyumbani kama tulivyoambiwa? Akasema, "Nikikaa sipati kitu. Tena soko hili likikaa juma moja bila kufagiwa, mtaugua na mengine."

Ndugu zangu, maneno hayo yalinitia haya. Nilikwenda kazini nimevaa buti za kampuni na barua mfukoni, na mama huyu alikuwa akilinda afya ya mji mzima kwa mkono uliofungwa kitambaa.

Tufikiri kidogo. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti 47 kazi ya hospitali na zahanati, ambulensi, zimamoto, masoko, maji, kuzoa taka na makaburi. Hebu tazameni orodha hiyo. Ni kazi zile zile ambazo nchi ilizihitaji siku za korona. Tuliambiwa tunawe mikono. Kuna mtu aliyefungua maji na kutengeneza bomba lililopasuka. Mgonjwa alizidiwa usiku wa manane. Kuna dreva aliyeendesha ambulensi. Wengine walifariki, kuna watu waliochimba kaburi wakati ambapo hata ndugu wa marehemu waliogopa kukaribia. Kama watu hawa wangalikaa nyumbani majuma mawili tu, kipindupindu na homa ya matumbo vingalifuata nyuma ya korona.

Wakubwa walijua hivyo, na waliwaita mashujaa. Sina ubaya na neno hilo. Lakini sifa hazinunui unga, wala hazikingi mkono usichomwe na sindano iliyotupwa katika taka. Desemba 2020 daktari kijana wa miaka 28, aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa korona, alifariki kwa ugonjwa huo huo, na wenzake walisema kwamba hakuwa amelipwa kwa miezi kadhaa. Mwezi huo huo manesi, maafisa wa kliniki na madaktari waligoma, wakidai vifaa vya kujikinga na bima ya matibabu. Ikiwa daktari, mtu aliyesoma miaka mingi na mwenye chama chenye nguvu, alipatwa na hayo, kibarua wa ufagio atapata nini?

Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 yasema kwamba kazi ya maji, ya hospitali na ya zimamoto ni huduma za lazima, na wanaoifanya hawaruhusiwi kugoma. Ugomvi wao waweza kupelekwa kortini. Vema. Kama mtu ni wa lazima hata akanyimwa ruhusa ya kugoma, basi awe wa lazima pia siku ya mshahara na siku ya kugawa glavu. Haiwezekani awe wa lazima wakati wa hatari, na hatari ikipita awe kibarua wa kufukuzwa kwa neno moja.

Tena sheria nyingine zipo, ila hazifuatwi. Sheria ya Ajira ya 2007 yasema kibarua akifanya kazi mfululizo siku zinazotimia mwezi mmoja, ahesabiwe kuwa ni mtu wa mshahara wa mwezi. Mwezi mmoja, ndugu, wala si miaka sita. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka ule ule yamtaka tajiri atoe mavazi ya kujikinga. Na sheria ya fidia, ya 2007 pia, yasema anayeumia au kuugua kwa sababu ya kazi alipwe.

Wengine watajibu kwamba kaunti hazina pesa. Ni kweli kwamba pesa huchelewa. Mwaka 2020 Seneti ilibishana juu ya mgawo wa kaunti mpaka Septemba. Lakini mimi nauliza: pesa zikichelewa, ni nani anayekosa kwanza? Sijapata kuona gari la mkubwa limesimama kwa kukosa petroli. Aliye chini ndiye anayeambiwa angoje, na anayeambiwa hivyo ana watoto wanaokula kila siku.

Wengine watasema, hayo ni mambo ya kaunti, sisi wa reli yatuhusu nini? Wakumbuke Mombasa, Januari 1947. Katika mgomo ule mkubwa watu wa reli, watu wa bandari na watumishi wa nyumbani walisimama pamoja. Hawakuulizana nani ni wa idara gani. Walijua kwamba kazi ya kibarua ikiwa rahisi mahali pamoja, tajiri wa mahali pengine ataitamani. Nasi leo tunao vibarua katika njia ya reli. Tukinyamaza juu ya mama yule wa sokoni, kesho nani atasema juu yao?

Kwa hiyo naleta maombi matatu. Kwanza, kila tawi liandike barua kwa baraza la kaunti yake, liulize vibarua wangapi wamepita mwezi mmoja na hawajaandikwa. Pili, glavu, buti na barakoa viwekwe ghalani sasa, wakati hakuna maradhi, maana ugonjwa ukiisha kuingia bei hupanda na vitu hupotea. Tatu, tuwasaidie hawa wenzetu waingie katika chama chao, kwa kuwa mtu mmoja mmoja akisema hufukuzwa.

Na kila mmoja wetu akikutana na mfagiaji alfajiri, amsalimu kwa heshima. Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Watu hawa walitufaa. Sasa ni zamu yetu.

Mtu wa Njia