Vidole visipoijua kazi, koo ndilo huumia

Huenda umewahi kumtazama mpiga gitaa harusini ukajiuliza anawezaje kuimba na kupiga kwa wakati mmoja bila kukosea. Sisi wa Ukambani tumelizoea jambo hili. Marehemu Kakai Kilonzo, aliyefariki mwaka 1987, aliimba huku akipiga gitaa katika Kilimambogo Brothers, bendi iliyobeba jina la mlima tunaouona kutoka hapa Tala. Vijana wengi wanatamani kufuata nyayo hizo, na si vibaya. Linalonitia wasiwasi ni wale wanaofika zahanatini sauti zikiwa zimekwaruza kama msumeno.

Aghalabu lawama hutupiwa baridi ya Julai au vumbi la barabarani. Wengine huwa wameshameza dawa za kuua bakteria walizojinunulia dukani, ambazo hazina kazi yoyote hapo. Ukimdadisi kijana wa aina hii utasikia kwamba hadi majuzi alikuwa mpiga gitaa tu. Mwimbaji akahama, naye akaambiwa asogee kwenye kipaza sauti Jumamosi hiyo hiyo. Kwa maoni yangu, ugonjwa wake ulianzia vidoleni.

Mtazame anayejifunza kuendesha gari. Mabega yamepanda, ameng'ang'ania usukani na pumzi ameibana. Sasa mtazame dereva wa matatu wa barabara ya Kangundo: anabadilisha gia huku akibishana na utingo kuhusu nauli. (Simsifu, nieleze tu.) Tofauti ni kwamba kazi ya mikono ikirudiwa mara nyingi, sehemu za ndani za ubongo huichukua, na fikra zikabaki huru kufanya jambo jingine. Fikra zetu haziwezi kusimamia vizuri kazi mbili ngeni kwa pamoja.

Mpiga gitaa ambaye vidole vyake bado vinatafuta nyuzi huwa kama yule dereva mwanafunzi. Huinama kuangalia shingo ya gitaa, na koo lake likajikunja. Misuli ya mabega na shingo hukaza, akavuta pumzi fupi za juu juu ya kifua badala ya kuacha tumbo lipanuke. Pumzi ikipungua, hukamua sauti kwa nguvu za koo. Nyuzi za sauti hugongana mamia ya mara kwa sekunde, na zikigongana kwa kishindo usiku baada ya usiku huota vivimbe vidogo vinavyofanana na sugu. Sugu za vidoleni humsaidia mpiga gitaa. Za kooni humnyima riziki.

Kelele za jukwaani huzidisha balaa. Mwaka 1911 daktari Mfaransa, Étienne Lombard, alieleza kwamba mtu aliye kwenye kelele hupaza sauti bila kujijua. Ndiyo sababu namhimiza kila kiongozi wa bendi apunguze sauti ya magitaa badala ya kumwambia mwimbaji aongeze bidii. Masikio nayo yatashukuru. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2022 kwamba wastani wa sauti katika kumbi za burudani usizidi desibeli 100, na nina hakika zipo harusi zetu ambazo hupita hapo kabla ya keki kukatwa.

Je, kazi hizi mbili haziwezekani pamoja? Zinawezekana sana. Mpiga nyatiti wa Uluo huchezesha nyuzi 8 kwa vidole, hugonga chombo hicho kwa pete ya chuma iliyo kwenye kidole gumba cha mguu, njuga zikalia mguuni, naye anaimba. Lakini hakupandishwa jukwaani baada ya wiki mbili.

Ukitaka kujaribu, anza na mikono peke yake. Piga mdundo ule ule hadi uweze kuzungumza na mtu kuhusu bei ya mahindi bila vidole kusita. Baadaye vumisha sauti mdomo ukiwa umefungwa, kisha tamka maneno kwa kufuata mdundo bila kuyaimba, na mwisho uimbe. Tafuta mapema mahali utakapovuta pumzi. Benga inasaidia hapa, kwani sauti na gitaa hupokezana, na gitaa linapojibu ndipo mwimbaji hupumua. Dakika 20 kila siku zinafaa kuliko saa tatu za Jumapili, na usipunguze usingizi, kwa maana ubongo huendelea kuyapanga mafunzo ya mikono ukiwa umelala. Fanya pia mazoezi ukiwa umesimama, mkanda begani, kipaza sauti kikiwa usawa wa mdomo ili kidevu kisipande wala kushuka.

Siku ya onyesho kunywa maji. Pombe kali haifungui sauti hata kidogo, na peremende za kutia ganzi huficha maumivu tu ukazidi kujijeruhi. Nyama choma ya saa saba usiku ikifuatwa na kulala papo hapo hupandisha asidi ya tumbo hadi kooni. Sauti ikichoka, nyamaza. Usinong'one, maana kunong'ona nako huweza kulichosha koo.

Ukiona sauti imekwaruza kwa zaidi ya wiki tatu, hasa kama unavuta sigara, usingoje onyesho lijalo. Nenda hospitali koo likaguliwe kwa kioo au kamera ndogo, kwani saratani nayo huanza hivyo. Zikipatikana zile sugu za waimbaji, tiba ya kwanza kwa kawaida si kisu. Ni kupumzisha sauti na kufunzwa upya namna ya kuitumia. Hulazimiki kuliacha gitaa katika kipindi hicho: mwingine aimbe, nawe uendelee kuvizoeza vidole.