Amani Peke Yake Haitarudisha Pesa Goma

Muulize mfanyabiashara wa mtaa wa Birere, mwalimu au msukuma chukudu (baiskeli ya mbao ya mizigo) kwa nini Goma haiendelei. Wote watakujibu: vita. Wataongeza kwamba amani ikija, makuta, yaani pesa, nayo yatarudi. Imani hiyo naikataa, kwa sababu inawasafisha watu waliotufilisi kabla risasi hazijaanza kulia hapa.

Tufuate miaka. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu wa Zaire, Kongo ya leo, alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatapewa Wazaire. Mashamba ya kahawa na chai ya Kivu yakaangukia wakubwa na jamaa zao. Wengi wa wamiliki hao wapya waliuza kilichokuwamo ghalani, wakaondoka. Mwaka uliofuata bei ya shaba ikaporomoka, madeni ya nje yakabaki, na baadaye serikali ikazoea kuziba mapengo yake kwa kuchapisha noti. Septemba 1991 askari wenye njaa walipora Kinshasa. Januari 1993 wakapora tena, baada ya kulipwa kwa noti za zaire milioni tano ambazo wauzaji walizikataa. Oktoba mwaka huohuo ikaja zaire mpya: moja kwa milioni tatu za zamani. Akiba ya maisha mazima ikageuka karatasi.

Sasa linganisha. Mauaji ya Ntoto, Walikale, yaliyowasha moto mpaka Masisi, ni ya Machi 1993. Vita vya AFDL, waasi waliomwangusha Mobutu, ni vya 1996. Kabla ya yote hayo, sarafu ya zaire ilikuwa imeshaanza kufa. Na jeshi la Mobutu lililokimbia mwaka 1996 likipora raia njiani lilikuwa limefundishwa na serikali yake kwamba mshahara ni bunduki. Ufilisi ulitangulia, ukaifungulia vita mlango.

Sisemi vita havikutuumiza. Waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifungwa, mishahara ikakwama, watu wakavuka hadi Gisenyi kutafuta pesa zao wenyewe, na mawakala wa pesa za simu wakaongeza makato. Hayo ni maumivu ya kweli. Lakini kudumaa kwetu ni kwa zamani zaidi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: tangu enzi ya zaire tunaweka akiba kwa dola, tunakataa hata dola iliyochanika kidogo, tunaamini likelemba, mchango wa akiba wa kupokezana, kuliko benki, na hakuna anayethubutu kukopesha kwa miaka kumi. Pasipo mkopo wa muda mrefu, kiwanda hakijengwi. Mji unabaki kununua na kuuza. Na akiba zikiwa za dola, Benki Kuu haiwezi kuziokoa siku ya hofu, maana dola haichapishwi Kinshasa.

Ubaya wa imani kwamba vita ndiyo chanzo cha yote ni kwamba inampa kila kiongozi udhuru. Asiyelipa askari anasingizia vita. Anayekula fedha za umma anasingizia vita. Nasi tunaambiwa tusubiri.

Tusisubiri. Wanaozungumza amani kwa jina letu watujibu leo: nani anawajibika kwa pesa zetu zilizo benki? Mshahara wa askari utamfikia kwa njia gani bila kukatwa na wakubwa wake? Nani atamzuia rais yeyote kuigeuza Benki Kuu kuwa mfuko wake? Mkataba wa amani usiojibu maswali hayo utatuletea askari asiyelipwa, na huyo tunamjua tangu 1991.