Nenosiri Likibaki kwa Mwenye Duka

Lundo, kando ya Ziwa Nyasa, ilikuwa moja ya makazi yaliyofunguliwa kwa Wamsumbiji waliokimbia vita vya ukombozi vilivyoanza mwaka 1964. Walivuka kwa makundi, wakapokelewa kwa makundi. Leo anayevuka mpaka peke yake na kuingia kijiji cha Chiwindi lazima aeleze kisa chake mwenyewe, na akikataliwa, aandike. Malalamiko yake yanapanda hadi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na akitaka uamuzi uchunguzwe kisheria, hadi Mahakama Kuu, ambako mashauri sasa hufunguliwa kwa mtandao.

Naunga mkono mtandao huo. Kanuni za mwaka 2018 za kufungua mashauri kwa mtandao ziliweka kwamba hati iliyotumwa kabla ya saa 6 usiku inahesabiwa kuwa ya siku hiyo hiyo. Kwa mtu wa Lituhi au Liuli, hiyo ni nauli ya kwenda Songea iliyookolewa, na pengine ni rufaa iliyonusurika kuchelewa. Sahihi nayo si kikwazo kwenye sheria: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitambua sahihi ya kielektroniki iliyo salama.

Kinachonisumbua ni mkono unaoiweka. Asiye na simu janja huenda kwenye duka la steshenari. Kijana wa pale anamfungulia akaunti kwa namba ya simu yake yeye kijana, anachapa, anabonyeza. Nenosiri linabaki dukani. Wito ukija, unaingia kwenye simu ya kijana, ambaye huenda siku hiyo yuko mnadani. Mwenye shauri anakuja kujua muda umeshapita.

Sahihi ina kazi kubwa kuliko kuonyesha jina. Inasema: haya ni maneno yangu, nimeyasoma au nimesomewa, nayakubali. Mnyanja aliyekulia ng'ambo ya mpaka akisomewa Kiswahili cha kisheria harakaharaka, kisha akawekewa dole gumba, amethibitisha kitu gani? Kwa mkimbizi hili ni zito kuliko kwa mdai wa shamba. Mwezi mmoja uliokosewa katika maelezo unaweza kusomwa kama uongo, na anayeonekana mwongo hurudishwa alikokimbia.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ina jambo ambalo hatulitumii vya kutosha. Inampa anayeingia nchini siku 7 ajitokeze kwa ofisa aliye karibu, na mtendaji wa kijiji ametajwa humo. Kama tunamwamini mtendaji ampokee mtu mwenyewe, tumwamini pia apokee rufaa yake. Aisome kwa lugha inayoeleweka, akiwepo mkalimani, ashuhudie dole gumba, apige picha, aitume, ampe mhusika risiti yenye tarehe. Wito upite kwake pia, kwa maana ofisi yake haihami.

Na sahihi ikikosekana, hati isitupwe. Ipokelewe, tarehe yake ilindwe, mtu aitwe kijijini asaini.