Kuomba msamaha ni kazi ya miguu



Juma hili tuzungumze juu ya jambo tunalolitaja kila siku katika sala, lakini tunalikwepa mara nyingi katika maisha: kutafuta msamaha. Kumwomba Mungu msamaha tunajua. Usiku, watoto wakiisha kulala, mama anapiga magoti kando ya kitanda na kumwambia Mungu maneno mabaya aliyoyasema asubuhi kwenye robine juu ya jirani yake. Analia, anasema Amina, analala. Kesho yake anakutana na yule jirani na anageuza uso, ao anazunguka njia ya nyuma ya soko. Mungu ameambiwa yote. Jirani hajaambiwa kitu.

Yesu alifundisha juu ya jambo hilo katika Injili ya Matayo, sura ya 5, mistari ya 23 na 24. Anaeleza juu ya mtu aliyefika mbele ya mazabahu na sadaka yake mkononi, na pale pale anakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Mtu huyo anaambiwa aache sadaka palepale, aende kwanza kupatana na ndugu, kisha arudi kutoa. Tuangalie vizuri. Anayetumwa kwenda ni yule aliyekosa, hangoji kufuatwa. Tena tukumbuke ni nani waliokuwa wakisikiliza. Walikuwa watu wa Galilaya, na mazabahu ilikuwa Yerusalema, safari ya siku tatu hivi kwa miguu. Kuacha sadaka na kurudi kijijini kumtafuta ndugu, kisha kupanda tena Yerusalema, ilikuwa kazi kubwa kweli. Yesu alijua hivyo, na alisema hivyo.

Basi ni kwa nini tunashindwa kuvuka barabara tu? Mara nyingi ni haya, na mara nyingi ni woga: atanifukuza, atanicheka, atanitangaza. Kwa hiyo tunatafuta njia fupi. Tunamtuma mtoto na sahani ya sombe ao kilo ya sukari, bila neno. Ao tunaanza tena kumsalimu jirani kwa sauti kubwa kama kwamba hakuna kilichotokea. Zawadi si mbaya. Yakobo alipotaka kupatana na Esau, kaka yake aliyemnyang'anya baraka, alitanguliza wanyama zaidi ya 500: mbuzi, kondoo, ngamia, ng'ombe na punda. Lakini hakubaki nyuma akingoja majibu. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 32 na 33, kinaeleza kwamba alikuja yeye mwenyewe, huku akichechemea, na akainama mpaka chini mara saba mbele ya kaka yake. Zawadi ilitangulia, na mtu mwenyewe akafuata.

Na tukifika, tunasema nini? Darasani ninaona kila siku namna watoto wanavyoomba msamaha. Mmoja amempiga mwenzake, mwalimu anamwambia amwombe msamaha, naye anasema «pardoni» akiwa tayari anakimbia kwenda kucheza. Hajamwangalia yule anayelia. Watoto wanajifunza namna hiyo kwetu sisi wakubwa. Tunasema: «Kama nilikukosea, unisamehe.» Lakini neno hilo «kama» linamtia mwenzako mashaka, utafikiri yeye ndiye aliyeota ndoto. Tunasema: «Ninaomba msamaha, lakini na wewe ulizidi.» Hapo tumekwisha kugeuza msamaha kuwa mashitaka. Tunasema: «Ni Shetani aliyenishika.» Shetani yuko, hakika, lakini ulimi ulikuwa wetu.

Neno la kweli ni fupi: «Mama, siku ya posho nilisema mbele ya watu kwamba unaiba makala. Nilisema uongo. Nimekuja kukuomba msamaha.» Kosa limetajwa kwa jina lake, na hakuna «lakini» nyuma yake.

Kisha kuna sehemu ambayo tunaisahau: kurudisha. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 5, mistari ya 6 na 7, mtu aliyemkosea mwenzake anapaswa kuungama kosa, kurudisha kitu chote, na kuongeza juu yake sehemu moja ya tano. Tupige hesabu pamoja kama darasani. Aliyechukua franga 50 000 anarudisha 50 000 na kuongeza 10 000. Jumla 60 000. Zakayo alipokea Yesu nyumbani mwake na akaenda mbali zaidi: nusu ya mali yake kwa maskini, na mara nne kwa kila mtu aliyemdhulumu. Wengi wetu ni wachuuzi. Tunajua kopo ambayo imegongwa chini kusudi ipime unga kidogo. Anayetubu kweli ananunua kopo ingine kabla ya kufungua meza kesho yake. Na kwa wateja wale anaowakumbuka, anajaza mpaka inamwagika, wala haombi shukrani.

Ikiwa kitu kilichoibwa ni jina zuri la mtu, nalo pia linarudishwa. Neno lililosemwa mbele ya wamama sita kwenye robine halitoshi kufutwa chumbani kwa siri. Anayelifuta anarudi kwa wale sita na kuwaambia kwamba alisema uongo. Ni jambo gumu kuliko kulipa franga. Lakini kama hatulifanyi, yule mwenzetu ataendelea kutazamwa kama mwizi mahali pale, hata kama sisi wawili tumekwisha kukumbatiana.

Tuchukue mfano mwingine, kutoka vikundi vyetu wenyewe. Wengi wetu tuko katika Muso. Tunajua sanduku zake tatu: ya kijani kwa akiba na mikopo, nyekundu kwa kusaidiana wakati wa ugonjwa ao kilio, na ya bluu kwa feza zinazotoka inje. Tuwaze mama mmoja anayechunga sanduku. Mtoto wake anashikwa na homa kali usiku, bwana wake yuko safarini, naye anatoa feza za kikundi bila kumwambia mtu. Anajisemea atarudisha kabla ya mkutano. Mkutano unafika, feza hazijapatikana, naye anaanza kutafuta visingizio: ufunguo umepotea, leo ninaumwa. Juma la pili anaacha kuja. Juma la tatu wenzake wanaimba jina lake mtaani. Kwa miezi miwili kikundi kimekufa, na wamama ishirini wamepoteza mahali pa kukopa mtaji wa kununulia samaki.

Kosa la kwanza la mama huyo lilikuwa dogo, na wengi wangemhurumia. Kilichoua kikundi ni woga wa kusimama na kusema: «Nilichukua, ni kiasi hiki, nitarudisha namna hii.» Lakini tusiweke mzigo wote juu ya kichwa chake. Sisi tunaobaki tuna kazi yetu pia. Ikiwa tunajulikana kwamba anayeungama kwetu anakuwa wimbo wa mtaa, hakuna atakayeungama. Kikundi cha Kikristo kinaweza kukubaliana mbele: anayejitaja mwenyewe anasikilizwa, anapangiwa siku za kulipa, anaandikwa katika daftari, na habari yake haitoki mlangoni. Anaweza kupewa kazi ingine kwanza, kusudi asichunge feza kabla ya kumaliza deni. Hiyo si aibu kwake, inamlinda.

Mahali pengine pagumu ni mbele ya watoto wetu. Feza ya kununua chumvi imepotea, mtoto anasingiziwa, anapigwa. Jioni feza inapatikana chini ya godoro. Mama anajua amekosea. Anamnunulia mtoto biskuti na kunyamaza. Mtoto anakula biskuti, lakini moyoni anabaki na jina la mwizi. Wazazi wengi wananiambia kwamba ukimwomba mtoto msamaha, atakudharau. Katika miaka yangu ya kufundisha sijaona hivyo. Mtoto anayedharau ni yule anayeona mkubwa anakosa na hakubali. Mtume Paulo, katika barua kwa Wakolosai, sura ya 3, anawaonya wazazi wasiwachokoze watoto wao mpaka wakate tamaa. Inatosha kumketisha, kumwangalia, na kumwambia: «Nilikupiga bure. Hukuiba. Unisamehe.» Na kama ndugu zake waliona akipigwa, wasikie pia.

Hapa ninapaswa kusema jambo moja wazi, kusudi mafundisho haya yasigeuzwe kuwa fimbo ya kuwapiga wamama. Kuna watu wanaotumia neno «msamaha» kwa kufunika uovu. Binti amebakwa, familia mbili zinaketi, mbuzi inaletwa na franga kidogo, mzee anasoma mstari wa Biblia, na binti anaambiwa asamehe na anyamaze. Huo si msamaha. Binti hakuulizwa, na aliyemtendea jeuri hakutubu. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 20 Julai 2006 inaadhibu jeuri ya kingono, na feza zilizolipwa kwa mapatano hazizimi kesi ya namna hiyo. Binti apelekwe hospitali upesi, mbele ya saa 72 kupita, kusudi apewe dawa za kumkinga na virusi vya ukimwi. Mambo mengine yatafuata. Vilevile mama anayepigwa nyumbani halazimishwi kurudi kwa sababu bwana amesema «nimetubu» mara ya kumi. Aliyetubu kweli anakubali kuonekana kwa matendo, na anakubali kungoja.

Kungoja ni sehemu ya toba. Tunapoomba msamaha, hatuna haki ya kudai jibu siku ile ile. Mwenzetu anaweza kusema: «Nimekusikia, lakini moyo wangu unauma bado.» Tusikasirike na kusema, «Mimi nimefanya yangu, shauri yako.» Jeraha tulilitia sisi, mwenye jeraha ndiye anayejua litapona lini. Kazi yetu ni kuendelea kuishi vizuri naye, bila kumsukuma.

Na kama yule tuliyemkosea hayuko tena? Katika jimbo zetu hizi za mashariki, vita vimetawanya watu. Jirani uliyemdai kwa uongo amekimbia na hujui yuko kambi gani. Mwingine amekufa. Kitabu cha Hesabu kilifikiri hata jambo hilo: deni linapelekwa kwa ndugu yake wa karibu, na kama hakuna ndugu, linatolewa kwa Bwana kupitia kuhani. Kwetu inaweza kuwa hivi: mtafute mtoto wake ao dada yake, umwambie ukweli, umpe kilicho chake. Ukikosa wote, umpe mjane ao mtoto asiye na karo, na umwambie padri wako ao mchungaji wako kusudi ushuhuda uwepo. Wakatoliki kati yetu wana Sakramenti ya Kitubio. Waprotestanti wana mchungaji na wazee wa kanisa. Kwa wote, kuungama kunatusaidia kutoka, siyo kujificha ndani ya kanisa.

Sasa, moyo mpya unatoka wapi? Mfalme Daudi alimchukua mke wa Uria na kumwua Uria. Nabii Natani alipomwonyesha kosa, Daudi hakujitetea. Zaburi ya 51 inahesabiwa kuwa sala yake ya wakati ule. Ndani yake anaomba Mungu amuumbie moyo safi, na neno la Kiebrania linalotumiwa pale ni lile lile la mwanzo wa Biblia, Mungu alipoumba mbingu na dunia. Daudi alijua kwamba moyo huo hawezi kuutengeneza yeye mwenyewe. Sisi tunakwenda kwa jirani, tunasema ukweli, tunarudisha. Mungu ndiye anayeumba. Na dalili tunaziona katika mambo madogo: mama anaacha kuzunguka njia ya nyuma ya soko, analala usingizi, hasikii moyo kuruka simu ikilia, na watoto wanaona sauti yake imepungua ukali.

Zoezi la juma hili, kwa kila mmoja wetu. Chukua daftari na uandike jina moja tu, siyo kumi. Andika kosa kwa maneno mafupi, bila «kama» na bila «lakini». Andika kile unachopaswa kurudisha, na siku utakayokwenda. Mbele ya siku ya Mungu, uende.

Na katika mkutano wa kikundi, tuzungumzie maswali haya mawili:

1. Mama mwenzetu akisimama leo na kuungama kwamba alitumia feza ya sanduku, tutamfanyia nini, na nani atahakikisha habari hazitoki inje?

2. Katika mtaa wetu, kuna binti ao mama aliyelazimishwa «kusamehe» na kunyamaza? Nani kati yetu anaweza kumtembelea juma hili, pole pole, bila kumtangaza?

Juma lijalo tutaendelea na upande wa pili: namna gani kumpokea mtu anayekuja kutuomba msamaha. Mungu awape nguvu za kwenda.